Mwalimu Sidi na Salamu ya Bi Mwanatabu

Nyumba tunayokaa Mtopanga ina vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ukumbi mrefu umepita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Ukitaka choo, ukitaka maji, ukitaka kuanika nguo, huna budi kupita ukumbini. Na hapo ukumbini, kando ya mlango wa chumba chake, Bi Mwanatabu mwenye nyumba hukaa juu ya kiti cha plastiki tangu asubuhi. Macho yake yaliingia ukungu zamani. Watu anawajua kwa sauti. Kila apitaye humwamkia, naye huitikia, na hivyo ndivyo anavyojua nani yumo na nani ametoka, nani ana mafua na nani amenuna.

Sidi Changawa alipanga chumba kinachopakana na chetu alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Kwao ni huko bara ya Kilifi, upande wa Bamba, kwenye mahindi ambayo mwaka mmoja hutoka na mwaka wa pili hukauka. Alikuwa binti mwembamba, mpole, anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Lakini sauti yake ilikuwa nzito kidogo na safi, ikitoka huwezi kudhani imetoka kwenye kifua kile.

Siku moja nilikuwa uani namenya viazi nikamuuliza anasomea nini hasa.

"Kiingereza, mama. Na isimu tumizi."

"Hiyo ya pili ni dawa au chakula?"

Akacheka. "Ni elimu ya lugha jinsi watu wanavyoitumia. Si ya vitabuni. Hii tunayosema hapa wewe ukimenya viazi."

"Na hiyo inasomewa?"

"Miaka minne."

"Basi mimi ni profesa, nimeisema tangu kuzaliwa," nikamwambia. Akaketi akanisaidia kumenya.

Mwaka wake wa mwisho alitakiwa afanye utafiti wake mwenyewe, akachagua salamu. Alitaka kujua watu wa majumba kama haya yetu huamkianaje, nani huanza, nani humaliza, na mtu akikosa kusalimu huambiwa nini. Alikuwa akiweka simu yake juu ya stuli pale ukumbini, baada ya kuwaomba ruhusa wenyewe, akanasa mazungumzo ya watu wakipita. Waliompa kazi nyingi ni Bi Mwanatabu na dada yake, Bi Jalila, waliokuwa wakilala chumba kimoja na kugombania mto mmoja. Hao wawili walimfundisha kwamba mdogo ndiye huanza. Mkubwa hamwamkii mdogo. Atakaa angoje, hata angoje mpaka jua litue.

"Na mdogo asipoanza, bi?" Sidi aliuliza.

"Asipoanza," akasema Bi Mwanatabu, "basi hakupita mtu. Umepita upepo."

Sidi aliyaandika hayo yote, na chuoni wakamsifu. Bi Jalila alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa Ramadhani. Chumba kikabaki na mtu mmoja na mto mmoja.

Sidi alipomaliza chuo alijiandikisha kungoja kazi ya ualimu ya serikali kama wenzake wote. Waliosoma naye wakawa wanakuja chumbani kwake karibu kila Jumamosi, kwa kuwa kwake mtandao ulishika vizuri kuliko kwao. Waliokuja bila kukosa ni wawili. Mmoja ni Morgan, kijana wa Changamwe, mrefu, mwenye sharubu, hawezi kukaa dakika bila kuchekesha. Wa pili ni Nafula, msichana aliyekuja pwani kusoma kutoka Bungoma akabaki. Kiingereza chao kilipita ukutani mpaka kwangu kikamlaza Salha wangu, ambaye wakati huo alikuwa ananyonya.

Walikuwa na namna yao ya kujifua. Mmoja husimama akafundisha, na wale wengine huketi mkekani wakawa watoto wa miaka sita. Si kuigiza kwa adabu. Watoto kabisa. Morgan na sharubu zake alikuwa akilia, akiomba kwenda choo, akila chaki.

"Mwalimu, Nafula amenilamba sikio."

"Hajalambwa, mwalimu. Sikio lake ni chafu, nitalilambaje?"

Na Sidi pale mbele hacheki hata kidogo. Anainama, anawapa wimbo wa Kiingereza, anapiga makofi, sauti inapanda na kushuka mpaka wale watu wazima wanatulia kweli. Mlango huwa wazi kwa sababu ya joto, nami nilikuwa nasimama pale na mtoto kiunoni. Salha akicheka, Nafula husema, "Huyo ndiye mwanafunzi pekee ako serious hapa."

Kazi ya serikali haikuja. Sidi akaingia shule ya kibinafsi isiyokuwa mbali, shule ya mabati, ambayo madarasa matatu yalikuwa chini ya paa moja, yametengwa kwa mbao zisizofika juu. Mwalimu wa hesabu akisema, wa Kiingereza husema kwa nguvu zaidi, na wa dini naye hataki kushindwa. Mvua ikinyesha juu ya bati wote watatu hupiga kelele. Alirudi jioni shingo imemvimba mishipa. Alianza kukohoa, kisha sauti ikaanza kukwaruza, kisha ikawa asubuhi ipo na jioni haipo. Nilimchemshia tangawizi na asali. Bi Mwanatabu alimpa ndimu na chumvi, akamwambia, "Mwanangu, hao watoto wa watu watakula koo lako."

Ndipo ikatokea ile kazi ya mtandaoni. Kampuni moja ya mbali, huko Asia, ilikuwa inatafuta walimu wa kufundisha watoto Kiingereza kwa video. Mtu anakaa chumbani kwake Mtopanga na mtoto yuko kwao, wanaonana kwenye kioo. Walituma maombi wote watatu. Morgan na Nafula waliachwa hatua ya kwanza. Sidi alipita hatua zote mpaka ikabaki moja tu: kufundisha somo fupi mbele ya mkaguzi wao, moja kwa moja, asikilizwe matamshi na sauti. Akipita hapo, ameajiriwa, na shule ya mabati ataiaga.

Alikwenda hospitali akapitishwa mpira mwembamba wenye taa kooni. Daktari alimwonyesha picha: kwenye zile nyuzi za sauti mlikuwa na vivimbe viwili, kama punje za mtama. Akamwambia dawa ya kwanza ni kunyamaza. Asiseme neno mpaka siku ya mahojiano. Asinong'one pia, kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Akinyamaza kweli, sauti itarudi. Akiilazimisha sasa, hana hakika itarudi nini.

Hayo aliniandikia kwenye simu, akanipa nisome. Chini akaandika: *Niambie watu. Sitaki waone nimejitia maringo.*

Nikawaambia. Chumba kwa chumba, na wauza maji, na mama wa mboga. Sidi akaacha shule, akawa anapita ukumbini akiweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Watu walimwelewa. Wengine walimtania, "Leo tumepata msomi tutakayemsema asijibu." Naye anatabasamu.

Lakini mkono kifuani ni wa wenye macho.

Asubuhi ya kwanza nilimwona anasimama mbele ya kiti cha Bi Mwanatabu. Bi amesikia ndara zake, ametega sikio, anangoja. Sidi akauchukua mkono wake ili aubusu, ingawa kwao si desturi. Bi Mwanatabu akauvuta kwa nguvu kama aliyeguswa na nyoka.

"Nani huyu anishikaye bila neno?"

Nikaja mbio. "Ni Sidi, bi. Ana ugonjwa wa koo. Daktari amemkataza kusema."

"Kumkataza kusema ni kumkataza kusema. Salamu si kusema."

"Hata salamu, bi."

"Daktari wa wapi huyo? Mimi nimeugua mpaka nikatajiwa shahada, na aliyeingia nikamwitikia." Akaufuta mkono wake kwa kanga. "Mkono mtupu hata mwizi anao."

Nilidhani yatapita. Hayakupita, kwa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Sidi alikuwa na desturi ya kujinasa akifundisha, kisha akajisikiliza na kujisahihisha. Sasa kwa kuwa hawezi kusema, alisikiliza zile za zamani kutwa. Ukuta wa chumba chake ni ukuta wa Bi Mwanatabu upande wa pili.

"Mama Salha," bi akaniita siku moja.

"Abee, bi."

"Huyo mgonjwa wako wa koo. Kizungu kinamtoka, nakisikia. Salamu ndiyo iliyomkaba?"

Nikamweleza kwamba ni simu. Akasema tu, "Sawa mama. Ni simu." Tangu hapo Sidi akipita, Bi Mwanatabu aligeuza uso ukutani. Alikuwa akimsikia vizuri kabisa. Nilimwona vidole vyake vinatulia juu ya tasbihi mpaka ndara zifike uani. Na Sidi, aliyekuwa ameandika kitabu kizima juu ya jambo hilohilo, aliingia chumbani akaketi kitandani na kujifunika uso. Nilimpelekea uji. Akaniandikia: *Najua anachokisikia. Anasikia upepo.*

Jumamosi Morgan na Nafula wakaja kumsaidia kujiandaa. Nilikuwa nimekaa mlangoni namsuka Salha, nikawaambia habari za bi. Morgan akapiga paja.

"Lakini sauti yako tunayo," akamwambia Sidi. "Si ulimnasa ukimwamkia mara mia kwa utafiti wako? Sauti ni yako, salamu ni yako, aliyeamkiwa ni yeye. Tofauti ni siku tu."

Nafula akasema, "Si hiyo ni kumdanganya mzee?"

"Kumdanganya ni kuweka sauti ya mtu mwingine. Wewe si ulisoma? Data ni halisi."

Wakatafuta kwenye simu ya Sidi. Wakapata moja, wakaicheza. "Shikamoo, bi." Sauti ya Sidi ya zamani, safi, haina hata kovu. Kisha sauti ya Bi Mwanatabu mwenyewe: "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Hapo Morgan akaizima. Ilikuwa nzuri mno kwa kazi ile. Nilimtazama Sidi. Macho yalikuwa yamemjaa machozi kwa kuisikia sauti yake, na nafikiri ni hilo lililomfanya akubali. Mimi nami niliona ni hila isiyo na madhara. Hakuna aliyeisikiliza mpaka mwisho.

Wakatoka ukumbini wote. Sidi akasimama mbele ya kiti, simu ameishika usawa wa kifua chake, Morgan pembeni amenyoosha kidole aizime.

"Shikamoo, bi."

Uso wa Bi Mwanatabu ukageuka kutoka ukutani. Sijui nisemeje. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na simu nayo ikasema marahaba pamoja naye, sauti juu ya sauti. Akashituka kidogo, akakunja kipaji. Lakini alikuwa ametabasamu, na Morgan kwa furaha akamtazama Sidi badala ya kutazama kidole chake. Ndipo ikatoka sauti nyingine, ya mwanamke mzee, yenye mzaha na kikohozi kidogo.

"Na mimi je, sisalimiwi? Au mimi ni mto wa kitanda?"

Bi Jalila.

Morgan akaizima, lakini ilikuwa imekwisha kusema. Bi Mwanatabu akainuka. Kwa kawaida huinuka kwa kushikwa, siku hiyo aliinuka peke yake, mikono mbele, akitafuta hewani.

"Jalila?"

Sidi alifungua kinywa, akakifunga, akafungua tena. Mkono wake ulikuwa kooni.

"Jalila, uko wapi? Nakusikia."

Nikamshika bi, nikamwambia ni simu, ni simu, kwa jina la Mungu ni simu. Lakini neno hilo nilikuwa nimelitumia nikamaliza nguvu zake. Aliketi tena kitini. Miguu yake ilikuwa imelowa, na nikamfunika kwa kanga yangu ili vijana wasione.

Akalala kitandani tangu saa ile. Hakula. Alisema dada yake amekuja kudai salamu, kwamba tangu azikwe hajasomewa ipasavyo, na kwamba Sidi ndiye aliyemwita. Nyumba nzima ikabadilika. Wale waliokuwa wakimtania Sidi wakawa wanangoja apite kwanza ndipo watoke na watoto wao. Mama mmoja alinyunyiza maji ya chumvi mlangoni mwake. Mwingine aliniambia nisimwache Salha amguse, na alikuwa mtu mwema, aliniambia kwa upole.

Luqman, mwanawe Bi Mwanatabu, anayekaa Likoni, ng'ambo ya kivuko, akavuka kuja kumuuguza mama yake. Alibisha kwa Sidi mimi nikiwepo.

"Dada Sidi, mimi si mtu wa ushirikina. Morgan amenieleza, nimeelewa. Lakini mamangu hali chakula, na kila akisikia ndara zako anatapika. Mwezi ukiisha nakuomba utafute kwengine."

Sidi akaitikia kwa kichwa. Akamwandikia: *Kesho asubuhi nina mahojiano. Yakiisha nitasema naye. Nitamweleza mwenyewe kwa mdomo wangu.*

"Kesho ni sawa," Luqman akasema.

Lakini alasiri ileile bi akaanza kupumua kwa shida. Walimwinulia kichwa kwa mito. Akasema, tukamsikia sote ukumbini, "Mleteni yule mtoto aniamkie. Kama hakuniamkia yeye, nimwamini nani kwamba aliyesema si Jalila?"

Luqman akatoka akatutazama. Nikamwambia, "Kaka, kesho adhuhuri tu. Amenyamaza muda wote huu kwa ajili ya kesho asubuhi. Kesho ataketi naye mpaka bi amchoke."

"Na kama hakuiona kesho, Mama Salha?"

Sidi alikuwa amesimama mlangoni kwake. Nilimwona anatazama kompyuta yake ndogo mezani, na ukuta aliokuwa ameutundikia shuka nyeupe tayari, na kadi za picha za wanyama alizochora mwenyewe. Kisha akavua ndara, labda kwa sababu ya kule kutapika, akaenda miguu mitupu.

Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Shikamoo, bi," akasema.

Daktari alisema kweli. Sauti ilikuwa imerudi. Ilitoka nzima, nzito na safi, kama ile ya kwenye simu.

Bi Mwanatabu akatulia. "Sema tena."

"Shikamoo, bi. Ni mimi, Sidi."

"Marahaba." Mkono wake ukapapasa mpaka ukafika usoni pa Sidi, ukashika midomo, ukaiacha pale. "Sema nihisi ikisogea."

Angeweza kuinuka hapo. Salamu ilikuwa imetolewa na imepokelewa. Nilimfanyia ishara kutoka mlangoni, nikagusa koo langu. Aliniona. Lakini bi alikuwa hajamaliza. Alitaka kujua sauti ya dada yake ilitoka wapi, na ilikaa wapi muda wote huo, na kama humo ndani Jalila anasikia. Sidi akamweleza. Akamkumbusha ile stuli, ile siku, walivyokuwa wakigombana juu ya mto. Bi akacheka, akalia, akaomba aisikie tena. Wakaiweka. "Na mimi je, sisalimiwi?" Bi akasema, "Mjibu. Hukumjibu siku ile?" Sidi akasema, "Nilimjibu, bi." "Mjibu tena." Na Sidi akasema, "Shikamoo, Bi Jalila."

Kila mara bi akisinzia Sidi alitaka kutoka, na kila akitaka kutoka bi alifungua macho yasiyoona akasema, "Uko?" Lazima ajibu. Mkono ungefaa nini? Tulikwisha kuona. Nilileta maji ya vuguvugu, akanywa. Sauti ilianza kukwaruza kidogo pembeni, kisha katikati, kisha nikawa nasikia maneno nusu, kama redio inayopoteza mawimbi. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa Bi Mwanatabu alikuwa amekunywa uji kikombe kizima na amelala. Sidi akatoka. Nilimuuliza kitu, sikumbuki ni nini. Akafungua kinywa kunijibu, ukatoka upepo tu.

Asubuhi wenzake wakaja. Nafula alipoambiwa aliketi sakafuni. Morgan alikwenda kusimama kichochoroni kuwazuia wauza samaki wasipige kelele, hilo ndilo alilolipata la kufanya. Mimi nilimshika Salha mlangoni, kwa kuwa Sidi alitaka kumwona mtoto anapofundisha.

Mkaguzi alitokea kwenye kioo, mwanamke mwenye nywele fupi, uso wa kucheka. Sidi akacheka pia. Akapiga makofi, akanyanyua kadi ya simba, akafungua kinywa kuanza wimbo. Kilichotoka ni mlio mwembamba kama wa mlango usiopakwa mafuta. Akajaribu tena. Mara ya pili hakikutoka kitu. Yule mwanamke aligusa sikio lake, akadhani vifaa vina kasoro. Sidi akamwandikia. Akasoma, akainamisha kichwa kwa huruma, akasema maneno mengi ya upole. Nafula alinitafsiria baadaye: wanamtakia afya njema, na nafasi zitajazwa wiki hiyo.

Sidi bado alikuwa ameshika simba. Salha akamnyooshea mkono, akidhani ni zamu yake.

Sasa ni mwaka na ushei. Nafula yuko nchi za Ghuba, ni yaya kwenye nyumba ya watu walioomba yaya mwenye Kiingereza. Huandika mara chache, na siku zote husema yuko salama. Morgan ana tuktuk, huwangoja abiria wa treni pale Miritini, akiwaita wazungu kwa Kiingereza kinachowafanya wenyewe wamgeukie kumtazama. Hacheki sana siku hizi.

Sidi yuko. Bi Mwanatabu alipona, akamkataza Luqman kumtoa. Vile vivimbe havikwisha; daktari alisema labda upasuaji, na upasuaji nao hauahidi. Akijilazimisha hupata neno moja lililochanika, kisha humwuma kutwa. Kwa hivyo amepata kazi isiyotaka sauti. Wanafunzi wa ng'ambo humtumia maswali ya chuo, yeye huwaandikia majibu, nao huyatia majina yao. Si yeye peke yake. Aliniandikia kwamba wengi wa darasa lao wanakula hapo. Wiki iliyopita nilimkuta anaandika kurasa juu ya namna mwalimu wa Kiingereza anavyotakiwa kutunza na kutumia sauti darasani. Nilidhani ananitania. Akanigeuzia kioo nikaona jina la mtu mwingine juu.

Salamu walikwisha kuitengeneza wao wawili, sijui lini. Sidi akipita ukumbini husimama, akagonga mgongo wa kile kiti cha plastiki kwa kidole, polepole, mara mbili. Bi Mwanatabu husema, "Marahaba, mwanangu." Basi. Watu wa nyumba wamezoea, na maji ya chumvi yamekoma.

Salha sasa anatembea na kusema, ingawa maneno yake bado machache. Juzi nilikuwa nampeleka kuoga, akanikimbia, akaenda mpaka kwenye kiti cha bi. Nikamwambia kutoka nyuma, "Mwamkie bibi. Sema shikamoo." Mtoto akanitazama. Kisha akanyoosha kidole chake, akagonga mgongo wa kiti mara mbili.

"Marahaba," akasema Bi Mwanatabu.

"Salha, sema," nikamwambia. "Sema kwa mdomo."

"Mwache," bi akasema. "Ameniamkia."

Nilipoinua macho, Sidi alikuwa amesimama mlangoni kwake na ndoo. Alikuwa ameona yote. Midomo yake ilisogea, na nilijua neno alilotaka mtoto alisikie kutoka kwake, maana lilikuwa lilelile nililolisema mimi: sema. Halikutoka. Akaiweka ndoo chini, akarudi ndani, akaurudisha mlango taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.